MASHINE ZA ZIWANI (7): Grisi Iliyookoa Liemba Haitaokoa Plagi Yako

Kila gazeti linapoandika habari za ukarabati wa meli ya MV Liemba, mkono wangu huwashwa. Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanaujua udhaifu huu. Wiki hii zamu ni ya mfumo wa moto na chaji katika mashine kuukuu za boti, kwa kuwa kabureta na pampu ya maji tumeshazimaliza. Ahadi nitaitimiza. Lakini Liemba imetajwa tena, na mtu anayeishi Kidahwe, mwendo mfupi tu kutoka bandari ya Kigoma, hawezi kuipita kimya kimya. Isitoshe, kisa chake kinahusiana na plagi zenu kuliko mnavyodhani.

Meli ile iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ikaja kwa reli ya kati, iliyokuwa imefika Kigoma Februari 1914. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, ndio waliotumwa kuiunganisha upya. Walipoanza kazi dunia ilikuwa na amani, na walipoishusha majini, Februari 5, 1915, vita vilikuwa vimekwisha kuwafuata hadi Ziwa Tanganyika.

Waingereza nao walileta boti zao mbili, Mimi na Toutou, za futi 40 kila moja, zenye injini za petroli. Zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikakokotwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, zikafika Lukuga, ambayo leo ni Kalemie. Kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majivuno sana, na wanahistoria wamemcheka kwa haki. Hata hivyo Desemba 26, 1915 aliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 9, 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Goetzen yenyewe hakuigusa. Kumbe mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kung'olewa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, mahali pake pakasimamishwa gogo la kutishia watu.

Julai 1916 Wabelgiji wakakaribia Kigoma, na amri ikatoka kwamba meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Wanajeshi wengi wakiamriwa hivyo hushika nyundo na baruti. Wale mafundi walishika grisi. Waliipaka injini yote, tabaka nene, kila shimo na kila kiungo, kwa sababu waliamini kwamba siku moja itahitajika. Tarehe 26 Julai meli ikazamishwa karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakasafisha injini zile na boila zile, na Mei 16, 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Injini za mvuke zilizolala majini miaka ile yote ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipotolewa na kuwekwa za dizeli.

Hebu fikiri. Watu wameshindwa vita, wako maelfu ya kilomita kutoka kwao, hawajui kama wataiona kesho, na bado wanatumia saa zao za mwisho kutunza chuma ambacho atakuja kukitumia mwingine. Halafu leo kijana amepewa mashine ya milioni kadhaa na baba yake mdogo, na kuifuta kwa kitambaa tu jioni anaona anaonewa!

Hapo ndipo kisa hiki kizuri kinapowaponza watu. Mvuvi mmoja wa Katonga, anayekijua kisa cha Liemba kuliko watoto wengi wa shule, aliniletea mashine ya farasi 25 ya zamani sana, ile yenye platini ndani ya flaiwili.

"Shikamoo mwalimu. Mashine haina moto."

"Marahaba. Uliifanya nini?"

"Niliifunga vizuri wakati ziwa limefungwa, uvuvi umesimamishwa. Nikaipaka grisi kila mahali, hata chini ya flaiwili. Kama Wajerumani."

Tuliifungua. Flaiwili ilitoka kwa puli, si kwa nyundo. Nyundo hupasua sumaku zilizogundishwa ndani yake na kuumiza ncha ya kranki. Chini yake kulikuwa na uji wa kahawia, grisi iliyochanganyika na vumbi la mchanga, umejaa hadi kwenye koili. Nikachukua ukurasa mmoja wa daftari, nikakata ukanda mwembamba, nikaupitisha katikati ya ncha mbili za platini na kuuvuta. Ulitoka mweusi. Nikautupa, nikapitisha mwingine, na mwingine, mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Silinda ya juu ikatoa cheche ya buluu. Ya chini ikabaki kimya, maana kondensa yake ilikuwa imekufa, na platini zake zilikuwa zimeungua zikawa za kijivu, upande mmoja kichuguu, upande mwingine shimo.

Injini ya Goetzen ilikuwa chuma, na chuma adui yake ni hewa na maji. Ukikizibia vyote viwili kinakaa. Boila haijui cheche ni nini. Lakini mashine ya petroli ina kiungo ambacho huwezi kukizika ndani ya grisi, nacho ni mfumo wa moto. Hapa naomba ruhusa ya kwenda Stuttgart kidogo.

Mwaka 1887 Robert Bosch alitengeneza magneto kwa ajili ya injini ya kusimama ya gesi, na mwaka 1902 fundi wake Gottlob Honold akakamilisha magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake. Kabla ya hapo waendesha magari walihangaika na betri zilizokwisha njiani, au na mirija iliyopashwa moto kwa ndimi za taa, jambo ambalo karibu na petroli lilihitaji moyo. Kazi ya Honold ilipendwa mno hata vita vilipoanza mwaka 1914 karibu magneto zote zilizotumika Uingereza zilikuwa zimetoka Ujerumani, na Waingereza wakalazimika kujifunza kuziunda harakaharaka. Taifa zima lenye meli nyingi kuliko yote duniani lilibanwa na kifaa kinachoenea kwenye viganja viwili! Mimi kila nikilifikiria hili nasikitika kwamba hatulifundishi darasani.

Turudi kwenye boti. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Milwaukee, Marekani, alianza kuuza mashine yake ya kufunga nyuma ya mtumbwi mwaka 1909. Yamaha, ambayo ndiyo mnayoiona zaidi pale mwaloni Kibirizi, ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Miaka mingi imepita kati yao, lakini siri ni ile ile. Sumaku zimo ndani ya flaiwili, zinazunguka juu ya koili zilizotulia. Umeme unazaliwa katika koili. Platini zikiachana kwa ghafla, umeme ule unakatika, na kukatika kwake kunazaa katika koili ya pili msukumo wa volti elfu kumi na zaidi, ambao unaruka kwenye pengo la plagi. Sisi wa Kidahwe tumezoea sasa kuzungumzia kilovolti 400 za njia ya umeme itokayo Nyakanazi, tunasahau kwamba bibi anayepeleka ndizi sokoni kwa boti amekaa hatua mbili tu kutoka kwa mtambo wa kufua umeme usiohitaji betri, nguzo wala luku.

Tangu mwaka 2024 tuna jambo jipya. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na upande wetu uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Samaki walipumzika. Mashine nazo zilipumzika, bila matayarisho, chini ya turubai la nailoni lililofungwa kamba kama maiti. Nailoni usiku inatoa jasho. Maji yanaganda kwenye koili, kwenye ncha za platini, kwenye viungo vya nyaya. Watu hujidanganya kwamba maji ya Tanganyika ni baridi na hayana chumvi ya Bagamoyo, kwa hiyo hayadhuru. Yana chumvichumvi za kutosha kupitisha umeme pasipotakiwa na kuotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Mwezi Agosti kamba inavutwa mpaka bega linateguka, halafu lawama anabebeshwa aliyeuza mafuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuilaza mashine, ifute, ikauke juani, iweke wima penye kivuli na hewa, ifunike kwa gunia au kitambaa kinachopumua. Toa plagi, weka kijiko cha oili ya injini za viharusi viwili katika kila silinda, zungusha flaiwili polepole kwa mkono, rudisha plagi. Grisi ina mahali pake pamoja tu huko ndani, kile kipande cha sufi kinachosugua kamu ya platini. Chembe yenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti inatosha. Ikizidi inarushwa hadi kwenye ncha, na mmekwisha kuona matokeo.

Pengo la platini lipimwe kwa kijisahani cha kupimia, si kwa wembe wala kwa kadi ya simu. Mashine nyingi za Kijapani za enzi hizo zinataka milimita 0.3 hadi 0.4, ila kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Platini zikiungua rangi hiyo ya kijivu, zibadilishe pamoja na kondensa. Usipofanya hivyo, platini mpya zitaungua vilevile. Na kabla hujafungua chochote, chomoa kwanza waya wa swichi ya kuzimia. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, moto wote unaishia ardhini, na nimeona koili nzima kabisa zikitupwa kwa kosa la waya wa shilingi chache.

Mashine zilizokuja baadaye hazina platini. Zina kile kiboksi cheusi ambacho mafundi hukiita sidiai. Hicho hakirekebishiki, kinatunzwa tu. Ukitaka kuona cheche, laza plagi igusane na bodi ya injini ndipo uvute kamba, na hakikisha petroli iko mbali. Ukiacha waya unaning'inia hewani huku ukivuta, volti zikikosa njia hujitafutia nyingine ndani ya koili au ndani ya boksi, na boksi ni ghali.

Plagi nyeusi yenye mafuta mara nyingi haina kosa. Kosa ni la aliyechanganya mafuta kwa kukadiria, au aliyetia oili ya gari. Kwa mashine inayotaka hamsini kwa moja, nusu lita ya oili inaingia katika lita 25 za petroli. Hesabu hiyo ni ya darasa la tano.

Nafasi inaniishia na chaji sijaigusa. Mashine nyingi za zamani zina koili ya taa, ambayo kwa kawaida haifikishi hata wati mia. Inatoa umeme wa kwenda na kurudi, ambao lazima upite kwenye diodi ndipo uingie betri. Sasa kwa kuwa karabai zinaondoka na wavuvi wa dagaa wanatumia taa za betri, kila mtu anataka koili hiyo imjazie betri tatu, ichaji simu na kupiga muziki. Haiwezi. Inapata joto, varnishi yake inapasuka, na kwa kuwa imekaa jirani na koili ya moto, zote mbili zinaharibika usiku mmoja, mbali na nchi kavu. Betri za taa zichajiwe kwa sola mchana. Ukigeuza waya wa chanya na hasi, diodi zinakufa papo hapo. Ukichomoa betri injini ikiwa inaunguruma, zinakufa vilevile. Na mashine ambayo haina kidhibiti cha volti huchemsha maji ya betri ikikimbizwa safari ndefu, basi yaangalieni kila mkirudi.

Nina ombi kwa viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, za Katonga, Kibirizi na Ujiji. Kila mwalo ununue puli moja ya flaiwili, seti moja ya visahani vya kupimia na mita moja ya umeme, vikae ofisini na viazimwe kwa saini. Wenye mashine za platini nao, zileteni zifunguliwe wiki ya kwanza ya Mei, kabla ziwa halijafungwa. Mwezi Agosti mafundi huwa na foleni.