Je, Wajua? Ngazi Hupima Mapafu!

Je, wajua kwamba kabla ya kuondoa sehemu ya pafu yenye saratani, daktari anaweza kukuambia upande ngazi kwanza? Naam, ngazi hizihizi za majengo! Ukipanda hadi kimo cha mita 22, kama ghorofa 7 hivi, hatari yako huhesabiwa kuwa ndogo.

Na ukikwama njiani? Mwaka 2008 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 640 waliopandishwa ngazi kabla ya upasuaji. Walioishia chini ya mita 12 walikufa mara 13 zaidi ya waliovuka mita 22!

Ghorofa 7 utazipata wapi Kitahana, wilayani Kibondo? Usijali! Kipimo kingine kinataka njia ya mita 10 tu. Unakwenda na kurudi ukifuata mlio, na kila dakika mlio unakuharakisha. Umefikisha mita 400? Hongera, umevuka!

Kipo na cha dakika 6: unatembea kwenye korido ya mita 30. Ukichoka, ruksa kusimama upumue, lakini saa haisimami! Babu wa kipimo hiki ni mbio za dakika 12 ambazo Dk. Kenneth Cooper aliwapimia wanajeshi wa anga wa Marekani mwaka 1968.

Hebu gusa kifua chako. Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2 tu. Moyo nao unataka nafasi!

Waweza kuishi na pafu moja? Waweza! Aprili 5, 1933, Dk. Evarts Graham wa St. Louis, Marekani, alimwondolea mgonjwa wa saratani pafu lote la kushoto. Mgonjwa akaishi miaka 30 zaidi! Graham mwenyewe, mvuta sigara wa miaka mingi, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957, mgonjwa wake akiwa bado hai.

Nawe wa Kibondo, wajua unaishi juu kiasi gani? Uwanja wenu wa ndege uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi yako ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya mtu wa ufukweni Dar es Salaam, na vilima bado unavipanda!

Basi yatunze mapafu hayo. Acha sigara leo, na kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe.