Fahamu: Windows ya zamani na akaunti yenye mipaka

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Huko Jinja na Mbale, Uganda, jambo hili linawagusa wenye kafe za intaneti, shule na maduka ya stesheneri wanaotegemea kompyuta za mitumba. Kinga mojawapo kwa kompyuta hizo ni akaunti yenye mipaka.

Akaunti yenye mipaka ni nini?

Mtumiaji anafungua programu, anaandika na kuchapisha, lakini hasakinishi programu nyingi bila nenosiri la msimamizi.

Kwa nini programu hugoma?

Programu nyingi za enzi za Windows XP, iliyotoka 2001, ziliundwa kana kwamba kila mtumiaji ni msimamizi. Huhifadhi mipangilio ndani ya folda zilimosakinishwa, na akaunti yenye mipaka hairuhusiwi kuandika humo. Njia ya mkato ni kumpa kila mteja usimamizi. Ni kosa kubwa: kirusi kinachoingia kwa flashi hupata mamlaka hayohayo, nacho huweza kuenea kwenye mashine nzima. Afadhali msimamizi afungue ruhusa ya kuandika kwenye folda ya programu hiyo pekee.

Je, akaunti hiyo inatosha?

Hapana. Mipaka hupunguza madhara, haizibi matundu ya mfumo. Kwa Windows 7, iliyo ya zamani zaidi, hatari ni kubwa zaidi: hata kivinjari cha Chrome kiliachana nayo mwaka 2023.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ikiwa kompyuta yako ya Windows 7 ina taarifa za wanafunzi au wagonjwa, itoe kwenye intaneti leo.