Kabla hujatoa arubuni ya kunyonywa mafuta, uliza haya

Mdogo wangu, binti wa khalati, aliolewa bara na sasa anaishi Theta, huko Juja, baina ya Ruiru na Thika. Usiku mmoja mwezi uliopita alinipigia simu. "Dada, kesho natoa arubuni. Nakwenda kunyonywa mafuta ya tumbo."

Nikamwambia, "Nakuomba uningojee. Nifike kwanza."

Asubuhi nikapanda treni Mombasa, na jioni nilikuwa nimekaa barazani kwake huku akinionyesha simu. Kliniki aliiona TikTok. Kwa WhatsApp walimuuliza uzani na urefu wake, wakamwomba picha ya tumbo, kisha wakamtumia bei: laki tatu na elfu themanini, na punguzo likiisha Ijumaa. Pesa zenyewe ni za chama, alizoweka miaka mitatu. Ana watoto watatu, na tumbo halijarudi tangu azae wa mwisho. "Kila arusi naulizwa nina miezi mingapi," akaniambia. Sikumcheka. Maneno hayo yanauma, na mwenye kuyasikia kila siku ana haki ya kutafuta njia.

Mimi si daktari. Nina stashahada ya uhasibu, na mhasibu akiona bei huuliza ni nini hakikuandikwa humo. Basi nimeuliza, nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Upasuaji huu, unaoitwa liposaksheni, hufanywa kwa kutoboa ngozi matundu madogo. Daktari hutia maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na dawa ya kupunguza damu kutoka, kisha huingiza mrija wa chuma na kuyavuta mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kwa kuwa matundu ni madogo, watu hudhani na jambo lenyewe ni dogo. La hasha. Ndani mna jeraha pana, na dawa ya ganzi ikizidi kipimo yaweza kuusimamisha moyo. Damu yaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni, mafuta yaweza kuingia kwenye mishipa ya damu, na mrija ukipotea njia hutoboa utumbo.

Haya si ya kutishana. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hii katika kliniki ya urembo, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Wengi hufanyiwa wakarudi nyumbani salama. Lakini aliye salama hutofautiana na asiye salama kwa mambo ambayo ungeweza kuyauliza mapema.

La kwanza ujiulize wewe mwenyewe: nataka nini? Liposaksheni si dawa ya unene. Huondoa mafuta ya chini ya ngozi mahali pamoja, na hayagusi yale yanayozunguka utumbo na ini, ambayo ndiyo hatari zaidi kwa sukari na presha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa ripoti ya wanawake 15 wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta kila mmoja. Walipopimwa wiki kadhaa baadaye, presha, sukari na mafuta ya damu hayakuwa yamebadilika. Na ukirudi kula ulivyokuwa ukila, mafuta hurudi.

La pili, nani atakayenishika? Neno "daktari" halitoshi. Uliza jina lake kamili, na kama ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kisha ingia katika tovuti ya Baraza umtafute kwa jina, uitafute na kliniki yenyewe, uone leseni ni ya mwaka huu na kituo kimeruhusiwa kufanya nini. Uliza pia ni nani atakayetoa nusukaputi na kukuangalia muda wote. Ukijibiwa kuwa anayepasua ndiye atakayekulaza, inuka uondoke.

La tatu, usiku huo nitalala wapi? Uliza watatoa lita ngapi. Zikipita 5, upasuaji huo huhesabiwa kuwa mkubwa na mgonjwa hafai kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uliza oksijeni iko wapi, damu ikihitajika itatoka wapi, na mambo yakiharibika utapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani. Ile bei ya WhatsApp haikuwa na hata neno moja juu ya haya. Haikutaja vipimo vya damu, wala nguo ya kubana inayovaliwa wiki kadhaa, wala gharama ya kulazwa. Bima nazo kwa kawaida hazilipii urembo.

La nne, sema kila kitu. Sema kama una sukari, presha, selimundu, au kama wewe au ndugu yako aliwahi kuganda damu. Taja vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, na hata miti shamba, kwani vingine huongeza damu kutoka na vingine huigandisha. Mvutaji aache wiki kadhaa kabla. Anayetaka kuzaa tena, bora angoje.

Na ukishafanyiwa, kifua kikibana, pumzi ikikatika, mguu mmoja ukivimba, homa ikipanda au tumbo likiuma kupita kiasi, usingoje asubuhi wala usitume ujumbe kliniki. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni. Wanazuoni hutenganisha kutibu ila na kubadilisha maumbile kwa ajili ya urembo tu, kwa hivyo suala lako mpelekee shekhe unayemwamini na umweleze ukweli wote. Ninalojua ni kwamba mwili ni amana.

Kesho yake tulikwenda Thika kumwona daktari wa upasuaji. Alimlaza kitandani, akamwambia ainue kichwa, kisha akohoe. Akagusa tu kwa vidole. Misuli ya tumbo ilikuwa imeachana tangu uzazi, na kitovuni palikuwa na ngiri. Mafuta yalikuwa kidogo sana. "Mrija ungepita hapa," alisema, "ungekutana na utumbo."

Mdogo wangu alinyamaza njia nzima. Kliniki ilikuwa imeona picha ya tumbo lile, na hakuna aliyelishika.

Sasa anangoja kushonwa ngiri, na pesa za chama ziko pale pale. Tumbo bado analo, na juzi arusini aliulizwa tena ana miezi mingapi. Akamjibu aliyeuliza, "Nina ngiri, shoga yangu. Na wewe, umeshapimwa?"