Alidaka matofali kabla ya kudaka mpira

Msomaji mpenzi, kama wewe ni shabiki wa soka au raga, huenda umewahi kuitazama kandanda ya Kimarekani kwa dakika mbili tatu kisha ukabadilisha stesheni. Majitu yenye kofia ngumu na kinga za mabega yanaangushana, kipenga kinalia, yanapanga foleni tena. Basi safari nyingine usiuangalie msongamano wa katikati. Mwangalie yule kijana aliyesimama peke yake pembeni. Kazi yake ni kutimka kama swara, kukata kona ghafla na kuunyaka mpira wenye umbo la yai uliorushwa kutoka mbali, huku adui yuko mgongoni tayari kumbwaga. Huyo ndiye mdakaji, na wengi hukubali kuwa hajatokea mdakaji wa kumshinda Jerry Rice.

Rice alizaliwa Oktoba 13, 1962 katika jimbo la Mississippi, akalelewa Crawford, mahali pa barabara za vumbi. Baba yake, Joe Nathan, alikuwa mwashi mkali, na wanawe ndio waliokuwa vibarua wake. Jerry alisimama juu ya jukwaa huku nduguye akimrushia matofali kutoka chini, wakati mwingine manne kwa mkupuo mmoja, nayo yakitawanyika hewani. Alijifunza kuyadaka yote. Hebu jaribu hata moja tu chini ya jua la kusini mwa Marekani, ndipo utajua kwa nini baadaye mpira wa ngozi haukumbabaisha.

Kandanda yenyewe aliingia kwa kutoroka darasa. Naibu wa mwalimu mkuu alimnyemelea kwa nyuma na kumshtua, naye akachomoka kwa kasi iliyomwacha mzee kinywa wazi. Habari zikamfikia kocha. (Wanafunzi, msije mkaniponza kwa wazazi wenu: kijana aliadhibiwa kwanza!)

Vyuo vikubwa havikumtaka. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani weusi, ambako wenzake walimbandika jina la "World", maana hapakuwa na mpira duniani asioweza kuudaka. Mwaka wa 1984 alifunga tachidauni 27, yaani mabao ya pointi 6 kila moja. Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alimwona kwenye televisheni akiwa hotelini mjini Houston. Mwaka uliofuata klabu hiyo ilimchukua akiwa wa 16 katika orodha ya wachezaji wapya. Wadakaji wawili walikuwa wamechaguliwa kabla yake.

Kisha yakaja maajabu. Mikono iliyodaka matofali ikaanza kuangusha mipira! Mashabiki wakamzomea. Kijana wa mashambani alikuwa akiwazia mbinu ngumu za Walsh hata akasahau kuuangalia mpira. Alitulia Desemba 9, 1985, alipodaka mara 10 na kusonga yadi 241 dhidi ya Los Angeles Rams.

Tangu hapo hakushikika. Januari 1989, kifundo cha mguu kikimuuma, alisonga yadi 215 katika fainali ya Super Bowl dhidi ya Cincinnati Bengals, akatawazwa mchezaji bora wa siku hiyo. Alitwaa ubingwa huo mara 3. Wakati wenzake walipokuwa likizoni, yeye alipanda mbio kilima cha yapata kilomita 4 huko San Carlos, California. Baadhi ya waliojaribu kumfuata waliishia kutapika njiani. Goti lilipasuka mwaka wa 1997, akarudi. Akiwa na umri wa miaka 40 alikuwa bado anafunga katika fainali, safari hii akiichezea Oakland Raiders, ingawa walishindwa.

Alipostaafu mwaka wa 2005 alikuwa amesonga yadi 22,895 kwa mipira ya kudaka. Piga hesabu: ni karibu kilomita 21, yaani nusu marathoni nzima, ila hii ya kwake aliikimbia akiwindwa na watu waliolipwa kumwangusha. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana yadi 17,492.

Agosti 2010, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo mjini Canton, Ohio, ungetarajia ajigambe. Badala yake aliuambia umati kwamba hofu ya kushindwa ndiyo iliyokuwa injini ya maisha yake yote, na kwamba hakutaka kuwavunja moyo wazazi wake. Kisha akataja jambo moja tu analolijutia katika kazi yake: hakuwahi kutua akaifurahia.