Punda akiugua, mzigo hubebwa na nani?

MZAZI, katika familia nyingi za Mbulu na Hanang maji hufika nyumbani kwa mgongo wa punda, na mara nyingi anayemswaga ni mtoto. Tumeshazoea kiasi kwamba hatujiulizi: punda huyu asingekuwepo, nani angebeba?

Historia ya hapa jirani ina jibu. Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza walitoka Arusha kuwafuata Wajerumani, wakiongozwa na Jenerali Jacob van Deventer. Walipita Ufiome, katika eneo la Babati ya leo, wakaiteka Kondoa Irangi. Walitegemea farasi, na pia nyumbu wa kufugwa, yaani mnyama anayezaliwa na punda na farasi, si yule wa porini.

Ilikuwa masika. Magari na mikokoteni ilikwama kwenye tope. Farasi walikufa kwa mamia njiani kwa uchovu, ugonjwa wa farasi na ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Askari waliofika Kondoa wakapungukiwa chakula.

Wanyama walikufa, lakini mizigo ilibaki palepale. Ikahamia vichwani mwa watu. Inakadiriwa kuwa hadi vita inakwisha Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini. Karibu 100,000 walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Wasimulie watoto wako.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Punda akilala mgonjwa, dumu hurudi kichwani mwa binti au mgongoni mwa mama, na kipindi cha kwanza shuleni kinampita mtoto.

Kwa hiyo mtunze. Mwekee gunia au blanketi nene chini ya mzigo, na gawa uzito sawa pande zote mbili. Mpe maji kabla ya safari, na siku ya kupumzika kila wiki. Mwenye kidonda asipakiwe mpaka apone. Wafundishe watoto kumwongoza bila kumchapa. Ukiona anakonda, anazubaa au anakataa kula, mwite ofisa mifugo wa kata mapema. Ndorobo humpata punda pia, na ikiwahiwa hutibika.