Kwa Nini Injini Hugoma Mbele ya Wageni

Kila mkulima aliyepata kumiliki pampu ya maji inayokwenda kwa petroli anaijua tabia yake. Siku sita za juma mashine hiyo huwaka kwa kuvutwa kamba mara mbili tu, ikamwagilia kabichi na nyanya pasipo manung'uniko. Siku ya saba wanakuja wageni: Bwana Shamba, majirani wanaotaka kuona faida ya kumwagilia, na shemeji ambaye tangu mwanzo hakuamini kwamba fedha zile zilitumiwa kwa akili. Mwenye pampu hukunja mikono ya shati, akavuta kamba. Kimya. Huvuta tena. Pampu hukohoa mara moja kama mzee aliyeamshwa usingizini, kisha hunyamaza.

Hapo mashauri huanza kumiminika. Mmoja husema ni plagi, wa pili husema petroli imetiwa maji, na wa tatu, ambaye maishani mwake hajapata kushika spana, husema injini za aina hiyo zote ni mbovu. Mwenye pampu, jasho likimtoka, huvuta kamba mara ishirini mfululizo. Wageni wakiisha kwenda zao na jua likiisha kushuka, mtoto wa nyumbani huja akavuta mara moja tu, na pampu ikawaka. Ajabu hiyo si uchawi, wala si husuda ya shemeji. Ni hesabu ya petroli na hewa.

PETROLI NYINGI, HEWA KIDOGO

Injini haichomi petroli peke yake. Kabureta huchanganya petroli na hewa, na ili mchanganyiko huo uungue vema, kilo 1 ya petroli yahitaji hewa ya kilo 15 hivi. Injini ikiwa baridi hupunguziwa hewa kidogo kwa kufunga choki, nayo huwaka upesi. Lakini mtu akisahau kuifungua choki, akavuta kamba tena na tena, kila anapovuta huzidi kuingiza petroli ndani ya silinda. Plagi hulowa, na cheche yake hushindwa kuwasha chochote. Injini haikuharibika, bali imefurika; na kila jitihada ya mwenyewe, kwa kuwa ni ile ile iliyoleta taabu, huizidisha taabu.

Fundi mwenye ujuzi hafanyi haraka. Huifungua choki ili hewa iingie, akaiacha mashine ipumzike kwa muda wa kama robo saa, au huitoa plagi na kuikausha kwa kitambaa. Kisha huvuta kamba, nayo injini huitika. Waliotazama husema fundi huyo ana mkono mwepesi. Kwa kweli mkono wake ni sawa na mikono ya wengine. Alichowazidi ni subira.

KARANI MBELE YA MKUTANO

Mwanadamu naye hufurika. Yuko karani ambaye kila siku huzisoma hesabu za chama cha ushirika mezani pake bila kukosa hata senti moja. Akiambiwa azisome mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, midomo humkauka, karatasi hutetemeka mkononi, na shilingi elfu saba hugeuka kuwa elfu sabini, hata wanachama wakawa matajiri kwa muda wa nukta chache.

Sababu yake yajulikana. Mwili uonapo hatari hutoa adrenalini, dutu ambayo mwanakemia Mjapani, Jokichi Takamine, aliyefanya kazi Marekani, alitangaza mwaka 1901 kwamba ameweza kuitenga peke yake. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa. Matayarisho hayo yamfaa sana mtu anayefukuzwa na nyati. Lakini hesabu za chama hazikimbiwi, ingawa wako waweka hazina ambao wangependa kuzikimbia. Basi karani, akisikia moyo wake ukigonga, huanza kuiogopa hofu yenyewe. Akajilazimisha asitetemeke, akazidi kutetemeka. Hapo ndipo anapovuta kamba mara ishirini.

FUNZO LA MENDE

Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa kuchekesha. Waliwakimbiza mende kwa mwanga wa taa, na kando ya njia wakaweka mende wengine ndani ya visanduku vinavyopenya nuru, ili wawe watazamaji. Katika njia iliyonyooka, mende aliyetazamwa alikwenda upesi kuliko aliyekuwa peke yake. Lakini katika njia yenye kona ya kutafuta, mende aliyetazamwa alichelewa.

Zajonc alikuwa amekwisha kueleza maana yake mwaka 1965: macho ya watu huongeza nguvu ya jambo ambalo mtu amelizoea, bali jambo geni hulivuruga. Kwa hiyo hofu si adui mtupu. Ni petroli, na injini isiyo na petroli haiendi popote. Linalopasa ni kuinyoosha njia kabla ya siku yenyewe, yaani kuyarudia maneno mara nyingi, kwanza peke yako, kisha mbele ya mtu mmoja au wawili, hata ulimi uyazoee kama mguu uizoeavyo njia ya mtoni.

RUPIA 30 ZILIZORUDISHWA

Asidhani mtu kwamba taabu hii ni ya wanyonge tu. Mohandas Gandhi alirudi Bara Hindi mwaka 1891 akiwa mwanasheria aliyesomea London. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay, kesi ndogo ambayo malipo yake yalikuwa rupia 30, alisimama ili amhoji shahidi. Kichwa kikamzunguka, asipate swali hata moja la kuuliza. Aliketi, akayarudisha malipo, akaondoka mahakamani kwa haraka. Habari hizo alizisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake.

Mwaka 1893 alisafiri kwenda Afrika ya Kusini, njiani akipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Alipokuwa Pretoria aliwakusanya Wahindi wa mji ule, akawahutubia juu ya kusema kweli katika biashara. Hiyo, kwa maneno yake, yaweza kuitwa hotuba ya kwanza aliyoitoa hadharani maishani mwake, naye aliridhika nayo. Mtu alikuwa yule yule, na ulimi ule ule. Ila safari hii alikwenda amejiandaa, tena alikuwa na jambo ambalo alitaka sana watu walisikie, wala hakubaki akijitazama nafsi yake. Wahenga walisema kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

MAMBO YA CHUMBANI

Liko pia jambo la ndani ya nyumba ambalo adabu hairuhusu kulieleza kwa urefu, lakini wanaume wengi hulibeba kimya kimya. Bwana arusi, au hata mume wa miaka mingi, akiingia chumbani kama mtu aingiaye katika mtihani, mwili wake waweza kugoma, kwa maana hofu hukaza mishipa ya damu ambayo ilipasa kulegea. Akijilazimisha, ni kuvuta kamba. Akinunua dawa za vichochoroni, huenda akajidhuru bure. Dawa ya kwanza ni mazungumzo ya upole na mkewe, na kuacha kujihesabia alama.

Lakini fundi mwaminifu hutofautisha mambo mawili. Injini igomayo mbele ya wageni tu, yaelekea imefurika. Igomayo kila siku, hata alfajiri pasipo mtu wa kuitazama, huenda ina ubovu wa kweli. Mume ambaye taabu yake haimwachi na aende kwa daktari bila haya, kwa kuwa kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo huweza kujitokeza kwanza kwa dalili hiyo. Hali kadhalika mtu ambaye hofu imemzuia kazi yake au masomo yake kwa miezi mingi yampasa kutafuta msaada wa waganga wenye elimu.

Kwa aliyefurika tu, njia ni ile ya fundi. Aache kujisukuma kwa muda mfupi. Avute pumzi polepole, na kuitoa polepole zaidi. Sentensi ya kwanza aijue kwa moyo, kisha aitazame kazi aliyojia, si nyuso za watu.

Watazamaji nao wana wajibu wao. Mtu anayebabaika mbele ya mkutano hafaidiki kwa vicheko, wala kwa mashauri ishirini yanayotolewa kwa mara moja. Na warudi nyuma hatua mbili, wanyamaze kidogo, apate hewa.