Mwezi mpevu unapowafichua wasio na makazi Mwigobero

Usiku wa giza, mwalo wa Mwigobero mjini Musoma haumtambulishi mtu asiye na nyumba. Wavuvi wa dagaa wamekwisha kuingia ziwani na taa zao, na ufukweni wamebaki kina mama wenye ndoo na wachukuzi wanaongoja mitumbwi irejee alfajiri. Wamejifunika kanga, wamejilaza juu ya magunia na nyavu kuukuu, wala mpita njia hana namna ya kujua ni nani aliyelala pale kwa ajili ya biashara na ni nani aliyelala pale kwa kuwa hana pengine pa kuweka ubavu wake.

Mwezi mpevu huwafichua. Mbingu ikiwa na mwanga, dagaa hawakusanyiki tena chini ya taa, wavuvi hufunga mitumbwi yao na kupumzika siku kadhaa, na kina mama hurudi makwao Nyasho, Iringo na Nyakato. Wanaosalia mchangani ndio wenyewe. Siku hizo, kwa kalenda yetu ya Kiislamu, ndizo siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, ambazo wengi wetu hufunga sunna. Basi katika usiku uleule ambao majumbani tunaamka kula daku, kuna watu umbali wa dakika chache kutoka misikitini petu ambao hawana hata mlango wa kuufunga. Mwandishi wa makala haya alikwenda kuwasikiliza.

Wa kwanza kuzungumza naye alikuwa mzee aliyekuwa ameegemea mtumbwi uliopinduliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisogezea gunia nikae, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. Alikuwa akipanga chumba karibu kabisa na maji. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kufikia kimo ambacho hakikuwahi kuonekana tangu miaka ya 1960, maji yaliingia chumbani mwake na ukuta ukaanguka. Mwenye nyumba hakujenga tena, na hata angetaka asingeweza, kwani sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mzee hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mpangaji hana madai: nyumba haikuwa yake, na kitanda alichokuwa nacho kilichukuliwa na maji.

Kando yake alikuwapo kijana ambaye kwa macho yangu hajafikisha miaka kumi na mitano. Mchana hubeba ndoo za dagaa na mizigo ya abiria wa boti za Kinesi. Ujira wake mara nyingine ni gao la dagaa. Ametoka upande wa Bunda, baada ya mama yake kuolewa tena na baba wa kambo kusema kwamba hakuoa mtoto wa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto kama huyu, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuelezwa. Lakini afisa hatamjua asipoambiwa, nasi tunaompa shilingi mia tano abebe kikapu chetu hatujamuuliza analala wapi.

Ama habari iliyonikalisha Mwigobero siku nyingi kuliko nilivyokusudia ni ya mama mmoja mwenye watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri lake lingali mahakamani.

Mama huyu alisilimu alipoolewa. Mumewe alikuwa mchuuzi wa dagaa, alinunua kiwanja pembezoni mwa mji kwa fedha zake mwenyewe, akajenga nyumba ya vyumba viwili. Alipofariki aliswaliwa msikitini na kuzikwa Kiislamu, na wanaume wa msikiti ndio waliobeba jeneza. Mjane akakaa eda ya miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ile. Siku chache baada ya eda kwisha, shemeji yake alikuja na wazee wa ukoo. Akaambiwa achague moja kati ya mawili: arithiwe na shemeji huyo awe mke wake, au aondoke.

“Niliwaambia mimi si ng'ombe wa marehemu,” aliniambia. “Wakasema, basi nenda kwenu. Kwetu nako wananiambia, wewe si uliifuata dini ya watu? Nenda kwa hao watu.”

Alikwenda kwa hao watu, yaani kwetu. Wiki ya kwanza alipewa chakula, na mchango wa Ijumaa ukapitishwa. Wiki ya tatu alikuwa anaanika dagaa za wengine mchana na kulala mwaloni usiku, watoto wakiwa katikati ya magunia. Alipokwenda jioni moja kuomba walale ndani ya banda la madrasa, alikuta limefungwa kwa kufuli baada ya swala ya Isha.

Niliuliza habari za kufuli hilo. Jibu nililopewa lilikuwa la haki kwa upande wake: spika ziliibwa, mikeka iliibwa, na kamati ikachoka kununua. Sikuweza kulipinga. Hata hivyo nilijikuta nikiwakumbuka Watu wa Suffa. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina ulikuwa na sehemu ya nyuma iliyoezekwa kwa makuti ya mitende, na humo waliishi masahaba wasiokuwa na nyumba wala jamaa. Mmoja wao alikuwa Abu Huraira (r.a.), ambaye umma mzima umepokea kwake maelfu ya hadithi. Yaani miongoni mwa wapokezi wakubwa wa dini yetu yumo mtu aliyekuwa akilala msikitini kwa kukosa makazi.

Kuna jambo jingine la Madina linalomhusu mama huyu moja kwa moja. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa Sa'd bin Rabi' alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti wawili, akamweleza kwamba ami yao amechukua mali yote ya marehemu. Aya za mirathi ziliposhuka, Mtume alimwita yule ami na kumwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki ndicho kiwe chake. Qur'ani pia imekataza wanawake kurithiwa kwa nguvu kana kwamba ni mali. Katika mirathi ya marehemu wetu wa Musoma hesabu ni nyepesi zaidi, kwa sababu wazazi wake walitangulia na ameacha mtoto wa kiume. Mjane ana thumni, watoto wanagawana kilichobaki, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja moja, na ndugu wa marehemu hawana fungu lolote.

Kwa nini basi shemeji yuko ndani ya nyumba na wenyewe wako nje? Kwa sababu amefungua mirathi katika mahakama ya mwanzo kwa sheria ya mila, akidai kwamba ndugu yake alikuwa Mwislamu wa jina tu. Dai hilo si la kipuuzi. Nchini mwetu mahakama ya mwanzo inaweza kutumia sheria ya mila au ya Kiislamu, na hakimu huangalia marehemu aliishi vipi na alitaka nini. Ikitumika mila kama ilivyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Wapo waliokwisha kupigana na tangazo hilo. Wajane wawili kutoka Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu za waume zao, walifika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hiyo ina ubaguzi lakini haikuibatilisha. Hatimaye walikwenda katika Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambako wanatajwa kwa herufi E.S. na S.C. tu. Mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ni miaka mingi mno kwa mtu anayelala nje.

Sisi Waislamu tunajivunia, na kwa haki, kwamba sheria yetu ilimpa mjane fungu karne kumi na nne zilizopita. Lakini fungu lililo kitabuni halimfungulii mtu mlango. Marehemu hakuandika wasia. Ndoa ilifungwa na sheikh, cheti hakikuchukuliwa, na sheikh mwenyewe amehamia mkoa mwingine. Hakuna hata karatasi moja inayosema mtu huyu aliishi na kufa akiwa Mwislamu. Nimewauliza wanaume kadhaa wa Mwigobero kama wao wana karatasi hiyo majumbani mwao, wakacheka, kisha wakanyamaza. Kila baba anayesoma ukurasa huu ajiulize hivyo kabla ya Ijumaa ijayo, naye imamu atenge nusu saa baada ya swala kuwaandikia wasia wasiojua kuandika. Wala mjane asidhani kwamba msimamizi wa mirathi lazima awe mwanamume wa ukoo: yeye mwenyewe anaruhusiwa kuomba, na pia kumpinga aliyeomba kabla yake.

Katika mkoa huuhuu wa Mara, wasichana wanaokimbia ukeketaji wamejengewa nyumba za kuwapokea, Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Wengi wa walioanzisha kazi hiyo ni jirani zetu Wakristo, Allah awaongoze na awalipe wema. Sisi tuna viwanja vya wakfu ambavyo juu yake tumepangisha maduka. Sisemi maduka yavunjwe. Kodi ya chumba kimoja cha duka inatosha kumlipia mjane chumba cha kulala hadi shauri lake liishe, na hilo ni matumizi ambayo waliotoa wakfu wasingeyakataa.

Alhamdulillah, kina mama watatu wa darsa la Jumamosi hawakungoja kamati. Wamemkodishia mama huyu chumba Kitaji, wakagawana kodi, na mmoja wao humpitia binti mdogo kila asubuhi kwenda naye chuoni. Yule kijana wa ndoo naye amepata pa kulala kwa fundi mtumbwi, kwa muda, huku afisa ustawi wa jamii akimtafuta mama yake.

Nilipomuuliza mjane anahitaji nini zaidi, nilidhani atataja unga au sare za shule. Akasema anahitaji mashahidi. Shauri litasikilizwa baada ya wiki tatu, na anataka waliosali safu moja na mumewe waje kumwambia hakimu walichokiona: kwamba alifunga Ramadhani, kwamba alitoa zaka ya dagaa zake, kwamba walimzika wao. Nimezungumza na wanaume kumi na mmoja waliolibeba jeneza lile. Wawili wamekubali kwenda. Waliobaki wameniambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawapendi kuingilia mambo ya ukoo.